Mlimani na kijijini: nani alimfundisha nani?

Wiki kadhaa zilizopita nilitumwa na gazeti kwenda kijiji kimoja mkoani Pwani kufuatilia mgogoro wa ardhi. Kwetu sisi waandishi habari yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: mwekezaji, wanakijiji, mipaka isiyoeleweka. Nikamhoji mwenyekiti, nikapiga picha mbili tatu, nikaanza kuangalia saa nisije nikaachwa na basi la saa tisa. Ndipo mzee mmoja akanishika mkono, akanivuta mpaka chini ya mwembe, akatoa kwenye mfuko wa shati barua iliyokunjwa mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikilitaka eneo lao. Ilikuwa imekaa kijijini miezi minne bila mtu wa kuisoma vizuri.

Nikaisoma, nikamweleza. Barua ilikuwa inawapa siku 60 za kupeleka pingamizi kama wanalo. Siku zenyewe zilikwishapita.

Nilitegemea mzee atahamaki. Hakuhamaki. Aliniuliza tu, taratibu: "Mwanangu, hivi huko chuo kikuu mnafundishwa kuja kwetu au kutukimbia?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyekosa jibu. Mwenyekiti alikuwa ameshanitajia vijana watatu wa kijiji kile wenye shahada. Wote wako Dar. Mimi mwenyewe kwetu si hapo, lakini kijijini kwetu nako mara ya mwisho nilikwenda kwenye msiba. Nikapanda basi, nikaandika habari yangu, ikatoka ukurasa wa ndani. Swali la mzee likabaki na mimi.

Ndugu msomaji, nimesoma Mlimani miaka mitatu. Nimepita mbele ya Ukumbi wa Nkrumah mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nimebeba vitini vya DS, nimegombea meza maktaba. Lakini sikuwahi kujiuliza kile kilima kiliwekwa pale kwa ajili gani. Kwa hiyo nimekuwa nikisoma historia yake, na nataka tuipitie pamoja, kwa sababu naona swali la mzee si jipya. Nchi hii imekuwa ikiligombania tangu chuo kinaanza.

CHAKULA CHA KIJIJI

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika hata 15. Digrii zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kule mlimani tunakokujua.

Hebu piga picha hali ya wakati ule. Nchi ina wasomi wa kuhesabika kwa vidole. Watu wazima wengi hawajui kusoma wala kuandika. Halafu kwenye kilima kimoja nje ya mji yanajengwa mabweni mazuri, kuna maji, kuna umeme, kuna wapishi. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano mmoja aliopenda kuutoa miaka hiyo. Alisema mtu anayesomeshwa na nchi maskini ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila kile chakula halafu asirudi, basi huyo ni msaliti.

Ni mfano mzito. Lakini ukiutazama vizuri utaona unamwambia msomi jambo moja tu, kwamba ana deni. Hausemi deni linalipwaje. Wala hausemi kama aliyekula chakula cha kijiji anaruhusiwa kusema neno akiona ghala la kijiji linaliwa na wengine. Hayo mawili ndiyo yaliyoleta matatizo yote yaliyofuata.

MAJOHO BARABARANI

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya Dar, walivaa majoho yao wakaandamana mjini. Walikuwa wakipinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambapo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara wao. Bango moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni.

Bango lile liliwaponza. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira ambayo wazee wanaikumbuka mpaka leo. Alisema ni kweli, mishahara ni tatizo, na ni mikubwa mno, kuanzia wa kwake. Hapohapo akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao wakafikirie. Wengi walirudi chuoni mwaka uliofuata, lakini nchi waliyoikuta haikuwa ileile. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi mmoja baadaye ikatoka Elimu ya Kujitegemea.

Mimi siwatetei wale vijana. Nchi iliyowasomesha bure iliwaomba miaka miwili, wao wakaona ni mateso. Walikuwa wamekula chakula cha kijiji na sasa wanalalamika kwamba safari ni ndefu. Lakini liweke jambo hili akilini, tutalirudia: mwaka 1966 wanafunzi walifukuzwa kwa sababu walitetea maslahi yao wenyewe.

CHECHE

Baada ya Azimio kilizuka kizazi kingine pale Mlimani. Ni vijana walioona aibu kwa yale ya 1966. Mwaka 1967 waliunda chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, maarufu kama USARF, na mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Ndiyo, huyohuyo. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, wakati wenzao wako kanisani au ufukweni. Kwenye mijadala yao alikuwepo mwalimu kijana wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney, ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikichapishwa London na hapahapa Dar.

Kisa kimoja cha vijana hawa kinanifurahisha. Chuoni kulikuwa na desturi iliyotoka Uingereza, siku iitwayo Rag Day. Wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori, wanazunguka mjini wakichangisha fedha za kusaidia maskini. Mwaka 1968 USARF wakauliza: mtu anayelala bwenini, anayekula nyama, anavaa matambara ili amchekeshe nani? Anayevaa matambara kila siku kwa kukosa nguo atajisikiaje akimwona msomi ameyafanya vazi la sherehe? Asubuhi ya siku yenyewe malori yalikutwa matairi hayana upepo. Rag Day ikafia hapo.

Unaweza kusema ni utoto. Lakini lile swali ni zito kuliko vitabu vingi vya maendeleo nilivyolazimishwa kusoma: je, unamsaidia maskini, au unamtumia maskini ujisikie vizuri? Kila ninapoona picha za watu wamepanga foleni kukabidhi katoni ya sabuni kwenye kituo cha yatima, kamera ikiwa mbele, nakumbuka yale matairi.

Novemba 1969 vijana hawa wakaanzisha jarida, wakaliita Cheche. Waliliandika wenyewe, wakalipiga chapa wenyewe, wakaliuza wenyewe. Mwaka 1970 toleo maalumu lilibeba makala ndefu ya mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yanaendelea kimyakimya Tanzania. Kwa lugha nyepesi, alikuwa anasema kwamba mali zimetaifishwa, sawa, lakini angalieni, kuna tabaka jipya la wakubwa wa serikali na mashirika linalokalia viti vya mabepari walioondoka.

Novemba 1970 Cheche ikapigwa marufuku, na USARF ikafutwa. Sababu zilizotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, hakuna haja ya chama kingine, na kwamba jina Cheche linanuka ujamaa wa Kirusi. Ni kweli Lenin alikuwa na gazeti lenye jina la maana hiyo, lakini Nkrumah naye alikuwa nalo.

Hebu tutafakari. Hawa si wale wa 1966. Hawa waliuamini ujamaa kuliko baadhi ya mawaziri. Walitaka kuwatumikia wananchi. Kosa lao ni kwamba walitaka kutumikia huku wakisema.

DENI LISILO NA MDOMO

Kuanzia hapo unaona mstari ulionyooka. Julai 1970 chuo kilikuwa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam, Mwalimu akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa, aliyetoka kwenye uongozi wa TANU, akiwa Makamu wake. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kuulalamikia uongozi wa chuo. FFU wakamchukua chuoni na akarudishwa kwao Kenya. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Ukimaliza kidato cha sita huendi chuo moja kwa moja. Kwanza jeshi, kisha kazi, na ili uchaguliwe lazima tabia yako ithibitishwe kazini na katika chama.

Azimio la Musoma lilikuwa na wazo zuri ndani yake. Mtu aliyekwisha kufanya kazi darasani huuliza maswali tofauti na mtoto aliyetoka bwenini moja akaingia bweni jingine. Lakini uthibitisho ule wa chama ulikuwa na ujumbe mwingine: raia mwema ni yule ambaye wakubwa wake hawana la kulalamika.

Halafu ukaja mwezi Machi 1978. Serikali na Bunge vilikuwa vimeongeza mishahara na marupurupu ya wabunge, mawaziri na vigogo wengine. Wanafunzi wa Mlimani wakaandamana kupinga. Hawakuomba posho. Hawakulalamikia chakula. Walisema viongozi wanajipendelea, na kwamba hilo ni kinyume cha Azimio la Arusha. FFU wakawatawanya, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa. Baadaye wengi walisamehewa wakarudi.

Sasa linganisha. Mwaka 1966 walifukuzwa kwa kutetea matumbo yao. Mwaka 1978 walifukuzwa kwa kutetea lile lile walilofundishwa baada ya 1966. Mtoto anachapwa kwa kusema uongo, kisha anachapwa kwa kusema kweli. Atajifunza nini? Atajifunza kunyamaza. Na mtu aliyejifunza kunyamaza anafikiria jambo moja tu: nimalize, nipate kazi, nijenge.

Ndugu zangu, mara nyingi tunalaumiwa kwamba kizazi chetu hakijali, kwamba sisi tunagoma kwa sababu ya bumu tu. Ni kweli mikopo ikichelewa tunapiga kelele, na maji yakikatika bwenini tunapiga kelele. Lakini hatukuzaliwa hivyo. Ada na uchangiaji vilivyoanza miaka ya 90 vilitugeuza wateja, na mteja hulalamikia huduma. Kabla ya hapo ukimya ulikuwa umeshafundishwa, tena kwa mitihani mikali.

NJIA YA TATU

Kama historia ya Mlimani ingeishia hapo ningemwambia yule mzee: tulifundishwa kukukimbia. Lakini haiishii hapo. Wakati maandamano na marufuku yakichukua vichwa vya habari, kulikuwa na watu wa chuo wanaofanya jambo jingine bila kelele. Nikiri kwamba sikuwahi kusikia habari zao nilipokuwa mwanafunzi.

Anza na mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo bado ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Muulize mzazi au bibi yako, atakuimbia. Watu walikusanyika katika vikundi vidogo kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana: hapa kwetu malaria inatoka wapi, maji yetu yakoje, tufanye nini wiki hii? Walioshiriki walikadiriwa kufikia watu wazima milioni 2. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa.

Siri yake ilikuwa yale majadiliano. Redio peke yake ingekuwa hotuba nyingine tu. Kikundi kilipolazimika kuamua chenyewe, kesho yake watu walitoka na majembe bila kufuatwa na balozi wa nyumba kumi.

Miaka hiyohiyo, kwenye ofisi ya utafiti wa rasilimali na ardhi ya chuo, iliyojulikana kama BRALUP, alikuwepo mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz. Yeye na wenzake walitafiti utapiamlo wa watoto wilaya ya Moshi. Kilimanjaro! Mkoa wa kahawa, wenye shule na nyumba za bati kuliko karibu mahali pengine popote nchini, na bado watoto wanadhoofu. Ukija na mzani na fomu utahesabu watoto dhaifu na kuondoka. Ukikaa na akina mama utasikia habari ya fedha ya kahawa inayoishia mikononi mwa baba, habari ya shamba lililogawanywa mpaka halitoshi, habari ya mwanamke mwenye kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku asiye na nafasi ya kumlisha mtoto mara tatu. Utafiti ulitoka mwaka 1975. Ulionyesha kwamba mwenye tatizo ana maarifa ambayo msomi hana.

Mwaka huohuo ukaanza mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ukiihusisha Wizara ya Utamaduni na Vijana pamoja na Akademia ya Finland, Swantz akiwa miongoni mwa waanzilishi. Watafiti waliishi vijijini, wakazungumza na wakulima na wafugaji, na walichokipata wakakirudisha kwa wanakijiji wakijadili kabla hakijawa kitabu. Wataalamu wa dunia leo wanauita utafiti shirikishi, na Tanzania ya miaka ya 70 inatajwa kama moja ya sehemu ulikozaliwa. Sisi hapa nyumbani tunaletewa semina kuufundishwa.

Kisha nenda Malya, wilaya ya Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 80. Walimu wa Sanaa za Maonyesho wa Mlimani, akiwemo Penina Mlama, walikwenda bila mchezo mkononi. Waliuliza vijana na wazee: hapa kinachowauma ni nini? Likaibuka suala ambalo watu walikuwa wakilinong'ona tu, mimba za wasichana wa shule. Kwa ngoma na maigizo yao wenyewe wanakijiji wakaliweka uwanjani, na mchezo ulipokwisha ukaanza mjadala. Hebu fikiria baba mwenye heshima zake akiona kwenye igizo jambo ambalo mkutano wa kijiji haujawahi kuthubutu kulitaja.

Kwa jirani zetu Kenya njia hiyohiyo ilikuwa na gharama kubwa zaidi. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alishirikiana na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kutengeneza mchezo kwa Kikuyu katika kituo chao cha elimu ya watu wazima. Wanakijiji waliusahihisha, wakaucheza, wakajenga jukwaa lao. Baada ya wiki chache serikali ikaupiga marufuku. Siku ya mwisho ya mwaka ule Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Riwaya za Kiingereza alikuwa ameziandika miaka mingi bila kufungwa. Alipokaa na wanakijiji kwa lugha yao, ndipo dola ilipoona hatari.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Watawala waliwataka wasomi waende kijijini, lakini waende kama mikono, wakalime na kuchimba mitaro. Wanafunzi nao, hata wale wa Cheche, mara nyingi walitaka kwenda kama vichwa, wakawaeleze wakulima mapinduzi ni nini. Walioacha alama ni wale waliokwenda kama masikio.

KUTOKA CHECHE MPAKA MBARAZA

Nina ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko yote. Unamkumbuka yule mwanafunzi wa sheria aliyeandika kwenye Cheche mwaka 1970, Issa Shivji? Alibaki Mlimani akawa profesa. Mwaka 1991, migogoro ya ardhi ikiwa imepamba moto, Rais Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, akampa uenyekiti Shivji. Tume ingeweza kukaa hotelini ikaita wataalamu. Badala yake ilizunguka nchi, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, watu wakasimama mmoja mmoja kueleza walivyohamishwa, walivyodhulumiwa, walivyozungushwa ofisini. Ripoti ikakabidhiwa mwaka 1992.

Pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yote yasiwe mikononi mwa Rais na watendaji wake, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mtu mzima ana sauti, uwe na nguvu ya kweli juu ya ardhi ya kijiji. Serikali ililikataa lile la kwanza. Sheria za ardhi zilipopitishwa mwaka 1999, Rais alibaki mdhamini wa ardhi yote, na bado anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa maslahi ya umma. Lakini sauti za mikutano ile hazikupotea zote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliweka wazi kwamba halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na kwamba haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na mwaka 1994 Shivji na wenzake walikuwa wameanzisha HakiArdhi, taasisi ya kufanya utafiti na kuwaelimisha wananchi haki zao za ardhi.

Tazama mwendo wa mtu mmoja. Akiwa kijana alieleza kwa ukali tabaka gani linakalia nchi. Miaka 20 baadaye alikaa kwenye benchi chini ya miembe, anasikiliza. Hakuacha kusema. Aliongeza kusikiliza, na maneno yake yakawa na watu nyuma yake. Jarida unaweza kulifuta kwa barua moja. Ni vigumu kidogo kufuta maneno ya mikutano 200.

SASA SISI

Leo vyuo vikuu si kimoja tena. Sokoine kilizaliwa mwaka 1984, vya binafsi vikafuata miaka ya 90, Dodoma mwaka 2007, na kadhalika. Wahitimu tumejaa mpaka tunaogopana kwenye usaili. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wanakwenda fildi, wanajaza dodoso, wanaandika ripoti kwa Kiingereza, inafungwa jalada, inawekwa kabatini. Mimi nilifanya hivyo. Niliwahoji watu zaidi ya 30 kwa ajili ya tasnifu yangu. Nikapata alama B. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona nilichokiandika.

Kwa hiyo sina mahubiri makubwa. Nina mambo mawili tu ambayo hayahitaji azimio wala mfadhili. La kwanza, kila mwanafunzi aliyechukua majibu ya watu arudishe kurasa mbili kwa Kiswahili, zisomwe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, watu waseme hapa umekosea. La pili, kila mmoja wetu aliyemaliza awe mtu wa kuulizwa na sehemu moja, si lazima kwao alikozaliwa. Barua ikija, mtu wa kupigiwa simu awepo. Tangu mwaka 2017 sheria yetu inawatambua hata wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili, kwa hiyo tusijifiche nyuma ya kusema si fani yangu.

Ndiyo, kuna hatari. Historia niliyoisimulia hapa imejaa watu waliofukuzwa. Kusikiliza wananchi kuna tabia ya kukulazimisha useme, na kusema kuna bei. Lakini hata ukimya una bei, ila anayeilipa huwa ni mtu mwingine.

Mzee yule nilimpigia simu Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimepiga picha ile barua, nikamtumia rafiki yangu tuliyemaliza naye Mlimani, yeye alisoma sheria. Aliisoma akaniuliza: "Mkutano mkuu wa kijiji uliwahi kuitishwa?" Nikamwambia nijuavyo mimi, hapana. Akasema basi huenda zile siku 60 ni za kutishia tu, kampuni haina mamlaka ya kuwapangia wanakijiji muda wa kuikosa ardhi yao. Miezi minne watu wamelala na hofu ambayo pengine ingeondolewa na swali moja.

Jumamosi tunakwenda wote. Hakuna kamera. Mzee ameahidi kuwakusanya watu chini ya mwembe, na mimi nimeahidi kwamba safari hii siangalii saa.

Tafakari.